Tuache Kupanda Zilizopita Chini ya Chekeche

Ndugu wanachama wa ushirika, ndugu wakulima wote wa Shishiyu, wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana.

Maneno haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, na anayemsomea mwenzake asome polepole, asiruke mstari. Mimi nilijua kusoma nikiwa tayari nina watoto, katika darasa la watu wazima, nimekaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigonga ubao. Kwa hiyo simcheki mtu. Lakini leo nimekuja na ugomvi. Na ugomvi huu nauanza kwangu mwenyewe, msije mkasema Katibu anachoma nyumba za wenzake na yake ameifunika.

Jambo lenyewe ni hili. Tukishavuna na kupiga, tunachekecha. Punje kubwa nzuri zinakwenda kwenye gunia la kuuza. Zilizopita chini ya chekeche, ndogo, zilizosinyaa, zenye mikunjo kama uso wa mzee, tunaziweka pembeni. Mtu akiuliza za nini, tunajibu bila aibu: "Hizo ni za mbegu."

Ndugu zangu, hebu tusikie tulichosema. Ng'ombe dume mwenye afya tunamwacha azalishe, dhaifu tunampeleka mnadani. Hilo kila Msukuma analijua tangu utoto. Lakini kwenye punje tunafanya kinyume: mzima tunamuuza, mgonjwa tunamwachia boma.

Mimi nilifanya hivyo. Nilipanda soya nusu eka, kwa ajili ya uji wa wajukuu na kiasi cha kuuza. Mnunuzi alipokuja alisema anataka punje kubwa, safi, zisizo na mabaka. Nikachekecha mpaka jasho likanitoka. Nikampa zote kubwa. Zilizobaki nikazitia kwenye mfuko, nikaandika kwa makaa "MBEGU". Msimu ulipofika, shemeji yangu mjane akaja kuomba mbegu. Nikampa nusu debe, nikajiona mtu mwema sana. Hata nilimwambia, "Shemeji, usinirudishie."

Yeye alipanda kwenye itogolo, pale ardhi inapokuwa ngumu jua likiwaka. Mvua ilinyesha, kisha ikakata siku nane. Miche iliyotoka ilikuwa myembamba kama uzi, na mingi haikutoka kabisa. Shamba likawa na mapengo, mapengo yakajaa magugu. Alipalilia mara tatu mahali pa mara mbili. Mbegu ya kurudishia hakuwa nayo, kwa sababu nusu debe ndiyo ilikuwa yote. Mwaka ule watoto wake walikula michembe mapema kuliko wenzao. Siku moja tulipokutana kisimani aliniambia neno moja tu: "Shemeji, zile kubwa uliziuza wapi, ili mwakani nikanunue huko?"

Sikuwa na jibu. Karatasi hii ndiyo jibu langu.

Nazungumza juu ya soya kwa sababu wataalamu wa dunia wameipima sana kwa ukubwa wa mbegu. Soya si ngeni nchini kwetu. Iliingizwa mwaka 1907, wakati wa Wajerumani, kwenye kituo cha Amani kule Tanga. Hapa kwetu bado ni zao la vipande vidogo. Wengi wetu tuna choroko, dengu, karanga na kunde. Lakini yote hayo ni jamii moja ya mikunde, na yote tunayachekecha kwa mkono uleule. Atakayesikia soya na aweke choroko akilini mwake.

KWANZA TUJUE KILICHOMO NDANI YA PUNJE

Chukua punje ya soya, iloweke usiku mmoja, asubuhi imenye. Utaona vipande viwili vinavyobanana, na katikati kamche kadogo kamelala. Vile vipande viwili ni ghala. Katika punje kavu ya soya, karibu sehemu 40 kwa mia ni protini na karibu 20 kwa mia ni mafuta. Kale kamche hakajui mbolea wala mvua ya mwezi ujao. Kanakula ghala lake.

Soya ikiota, inayavuta maghala hayo mpaka juu ya ardhi. Choroko na kunde hufanya hivyo hivyo. Dengu ni tofauti, ghala lake hubaki chini ya udongo. Mche wa soya ukishatokeza unaendelea kula akiba hiyo kwa siku kama 7 hadi 10, mpaka majani yake ya kweli yaweze kuulisha. Basi mwenye ghala lililojaa anavumilia jua la siku nane. Mwenye ghala tupu anakufa siku ya nne. Wala hajarogwa. Amekufa njaa, kama mtu yeyote ambaye kihenge chake kimekwisha.

Kwa hiyo ukubwa wa mbegu una kazi, na kazi yake kubwa ni mwanzo. Katika aina moja ya soya, punje iliyojaa hutoa mche mnene zaidi, wenye majani mapana mapema, unaofunika ardhi upesi na kuyanyima magugu jua. Hilo limepimwa mara nyingi.

Sasa nisiwadanganye. Katibu anayedanganya kwa nia njema ni mwongo vilevile. Majaribio mengi yameonyesha pia kwamba tofauti ile ya mwanzo hupungua kadiri mimea inavyokua. Kama mbegu ndogo ni nzima, kama imeota yote, kama mvua ni nzuri na idadi ya mashina ni sawa shambani, basi siku ya kuvuna unaweza usione tofauti kubwa kati ya waliopanda kubwa na waliopanda ndogo. Soya ina akili ya kujitanua. Ikipata nafasi inatoa matawi, inajazia.

"Ala! Katibu, si umejipiga mwenyewe?" Hapana. Soma tena yale masharti. Kama ni nzima. Kama imeota yote. Kama mvua ni nzuri. Nani kati yetu amewahi kupewa hati ya mvua nzuri? Mimi mwenyewe nilipanda mbegu ileile mbovu niliyompa shemeji. Nilipanda kwenye luseni, udongo laini, na nilimimina kwa wingi kwa sababu nilikuwa na mfuko mzima. Nikavuna kiasi. Kwangu kosa lilijificha kwa sababu nilikuwa nacho. Kwa shemeji lilitoka nje kwa sababu hana. Mbegu mbovu ina tabia hiyo, ndugu: huanza kwa kumpiga mnyonge.

TUTENGANISHE NDOGO NA NDOGO

Ugomvi wetu mwingi hapa kijijini unatokana na kutumia neno moja kwa vitu vitatu.

Kuna mbegu ndogo kwa ukoo. Soya ziko za aina nyingi. Ziko ambazo punje 100 zina uzito wa gramu 10 tu, na ziko za gramu 20 na zaidi. Ni kama kuku wa kienyeji na kuku wa kizungu. Punje ndogo ya ukoo mdogo, ikiwa imejaa na inang'aa, haina kosa lolote. Aina yenye punje ndogo inaweza kuzaa sana, kwa sababu mavuno hayatokani na ukubwa wa punje peke yake. Yanatokana na idadi ya mashina, idadi ya maganda kwa shina, idadi ya punje kwa ganda, ndipo uje uzito wa punje. Anayeidharau aina kwa sababu punje yake ni ndogo ni sawa na anayeidharau familia kwa sababu watu wake ni wafupi.

Kuna mbegu ndogo kwa nafasi. Shina lilelile moja hutoa punje kubwa na punje ndogo kidogo, kutegemea ganda lilikaa wapi na lilijaza lini. Hii ni nzima, ila akiba yake imepungua kidogo. Ukikosa nyingine, panda hii, mahali penye udongo laini na unyevu wa kutosha, wala usiifukie kwa kina.

Kuna mbegu ndogo kwa maradhi. Hii ndiyo adui. Ni ile iliyokatiwa mvua wakati ganda linajaza, au iliyong'olewa mbichi kabla ya kukomaa, au iliyofyonzwa na kunguni wa maganda, au iliyotoka kwenye shina lenye virusi, ina mabaka na rangi chafu. Imesinyaa, imekunjamana, mara nyingine kijani. Kuipanda ni kuualika ugonjwa uje nyumbani na kuutandikia kitanda.

Chekeche halijui kutenganisha hizi tatu. Linajua tundu tu. Macho na vidole ndivyo vinavyojua.

MANENO YA CHINI YA MTI NA MAJIBU YAKE

Nimeyasikia maneno mengi mnadani, kilabuni na chini ya mti. Nayajibu hapa mbele ya watu wote.

Neno la kwanza: "Mbegu ni mbegu. Kubwa na ndogo zimezaliwa na mama mmoja."

Anayesema hivi ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni hatari kuliko uongo mzima. Kule Denmark alikuwepo mtaalamu aitwaye Wilhelm Johannsen. Mwaka 1903 alitangaza kazi aliyoifanya na maharage. Alichukua maharage ambayo kila kundi lilitokana na punje moja ya mwanzo, ukoo mmoja usiochanganyika, maana maharage hujichavusha yenyewe kama soya. Katika kila ukoo akachagua punje kubwa akazipanda, akachagua na ndogo akazipanda. Watoto wa kubwa na watoto wa ndogo wakawa na wastani uleule. Ukubwa ule ulikuwa wa shibe, haukuwa wa damu. Lakini alipozilinganisha koo mbalimbali, zilitofautiana kweli, na kila ukoo ulishika ukubwa wake.

Somo ni nini kwetu? Ni kwamba anayekaa na gunia na kuokota punje kubwa peke yake asidhani ameboresha ukoo. Amepata miche yenye nguvu msimu huo, na hilo ni jema. Lakini anayetaka ukoo bora lazima aende shambani, atazame mashina yaliyosimama. Ndani ya gunia huwezi kujua kama punje hii kubwa ilitoka kwenye shina lenye maganda mengi, au kwenye shina lenye maganda mawili yaliyokula chakula chote. Damu huonekana shambani. Gunia linaonyesha shibe tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mama mmoja, damu ni moja, sawa. Lakini watoto wawili wa mama mmoja, mmoja ameshiba na mwingine ana utapiamlo, ukiwatuma kuchota maji mlimani, je, watafika pamoja?

Neno la pili: "Ndogo ni nyingi kwa kilo, naokoa mbegu."

Hapa tuhesabu. Tuseme umepanda soya kwa mistari ya sentimita 50, na punje moja kila sentimita 5. Kila mita moja ya mraba ina punje 40. Eka moja ni kama mita za mraba 4,000, kwa hiyo unahitaji punje 160,000. Aina ya gramu 20 kwa punje 100 itakula kilo 32. Ya gramu 15 itakula kilo 24. Ya gramu 10 itakula kilo 16. Kweli kabisa, aina ndogo inaokoa kilo. Mwenye aina ya punje ndogo iliyo nzima na aokoe, nampongeza.

Lakini mwenye mbegu iliyosinyaa anaokoa nini? Kama kati ya punje 100 zinaota 50, atalazimika kupanda maradufu ili apate mashina yaleyale. Zile kilo alizojidai kuokoa zimerudi shambani na kuozea humo. Halafu kuna kosa la kopo. Tumezoea kusema "eka yangu inakula makopo kadhaa". Ukibadilisha aina ukashika kopo lilelile, shamba litakuwa na watu wachache au litabanana, na utailaumu mbegu. Pima robo kilo, kaa na watoto, hesabu punje. Zikiwa 1,250, hiyo ni ya gramu 20. Zikiwa 2,500, hiyo ni ya gramu 10. Watoto watajifunza hesabu na wewe utajua shamba lako.

Neno la tatu: "Mimi nanunua kubwa za mnadani. Kubwa ndiyo mbegu."

Huyu amekimbia moto akaingia mtoni. Punje kubwa ya mnadani hujui ukoo wake, hujui umri wake, hujui ilipigwaje. Soya huzeeka upesi ikihifadhiwa mahali pa joto na unyevu. Inaweza kuwa kubwa na nzuri machoni, ndani imekufa. Tena punje kubwa ndiyo inayoumia zaidi tunapopiga kwa fimbo kama tunafukuza nyoka. Ngozi ya soya ni nyembamba. Inapata ufa usioonekana, ghala linavunjika mbali na kamche, na mbegu haioti au inaota kilema. Na udongo ukifanya ganda gumu juu baada ya mvua kubwa, punje kubwa yenye maghala mapana inaweza kupata taabu kulivunja kuliko punje ndogo iliyo nzima. Kwa hiyo usiiabudu kubwa. Ukubwa ni shahidi mmoja, si hakimu. Hakimu ni kuota.

Na yupo mwingine anayeona soya yake imekuwa ya njano, anasema mbegu ilikuwa ndogo. Ndugu, ng'oa shina moja utazame mizizi. Soya inahitaji bakteria wake wa kutengeneza vifundo vya kutega naitrojeni, na aina nyingi za soya hazimpati rafiki huyo kwenye udongo ambao haujawahi kulimwa soya, mpaka mbegu ipakwe dawa yake ya bakteria. Ukiona hakuna vifundo, usilisingizie chekeche. Mbegu kubwa haiwezi kuulisha mmea mpaka kuvuna.

Neno la nne: "Katibu, njaa haingoji. Mnunuzi amekuja na fedha mkononi, wewe unaniambia ukubwa wa punje."

Hili ndilo neno zito, na sitalijibu kwa kejeli. Najua nyumba ambazo siku ya kuuza ndiyo siku ya kulipa deni. Lakini tuhesabu tena. Tuseme mnunuzi anakuongezea shilingi 200 kwa kila kilo ya punje kubwa. Mbegu ya eka moja ya aina ya kati ni kilo 24. Ukizitenga hizo kilo 24 kubwa kwa mbegu, na ukampa mnunuzi nyingine, umepoteza shilingi 4,800. Hiyo ndiyo bei ya tamaa yetu: 4,800. Je, inatosha kulipia palizi ya ziada kwenye shamba lenye mapengo? Inatosha kununua mbegu ya kurudishia mwezi wa kupanda, wakati bei imepanda na muuzaji anakutazama kama mtu aliyechelewa basi? Hata sabuni ya mwezi haifiki mbali.

Aliyetuzoesha hesabu hii mbaya si mnunuzi peke yake. Mnunuzi anatafuta chake, na ana haki ya kuchagua. Lakini haki ya kuchagua kwanza ni ya nani? Ni ya aliyelima! Sisi tumempa mgeni kiti cha mbele, na kesho yetu tumeiweka nyuma ya mlango kwenye mfuko ulioandikwa kwa makaa.

TUFANYE NINI

Mwaka 1972 wazee wetu walikutana Iringa wakatamka kwamba siasa ni kilimo. Sisi siku hizi tumegeuza, kilimo ndicho kimekuwa siasa: mikutano mirefu, makofi, na shamba lina mapengo. Sitaki makofi. Nataka mambo haya yafanyike kuanzia mavuno yajayo.

1. Mbegu ichaguliwe shambani. Maganda yakianza kukomaa, mwenye shamba, baba na mama pamoja, wapite mistari. Shina zima, lenye maganda mengi, lisilo na majani yenye mabaka, lifungwe uzi au kitambaa. Yavunwe hayo kwanza, peke yake, yakiwa yamekomaa. Kazi hii ni ya asubuhi moja.

2. Mbegu ipigwe kwa upole. Maganda yatiwe kwenye gunia, yapigwe taratibu kwa fimbo nyembamba, au yapurwe kwa mkono ikiwa ni kidogo. Punje zenye ufa zitolewe.

3. Mbegu itengwe kabla mnunuzi hajafika. Ichekechwe, zilizosinyaa zitolewe, zilizojaa zibaki. Zikitenganishwa kubwa na za kati, ni vizuri zaidi, kila kundi lipandwe mstari wake, maana miche ya saizi moja haionei wenzake. Zilizosinyaa ziliwe, au zipewe kuku. Soya kuku wasipewe mbichi, ikaangwe au ichemshwe kwanza.

4. Mbegu ikauke vizuri, ihifadhiwe kwenye chombo kinachofunga, mahali pa baridi na pakavu, mbali na moshi wa jiko. Soya ya misimu ya nyuma tusiiamini bila kuijaribu.

5. Mbegu ijaribiwe. Wiki mbili kabla ya kupanda hesabu punje 100 bila kuchagua. Zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa au mchanga wenye unyevu kwenye karai. Ngoja siku 5 hadi 7. Zikiota 80 na zaidi, panda bila wasiwasi. Zikiota 60, ongeza kipimo. Zikiota chini ya 50, zipike, ukatafute nyingine ungali na muda. Jaribio hili halina gharama. Aliyeshindwa kuhesabu mpaka 100 aje kwangu jioni, nitahesabu naye. Mimi nami nilifundishwa.

6. Punje ndogo isifukiwe sana. Sentimita 2 au 3 zinatosha kwenye udongo wenye unyevu. Punje kubwa inaweza kwenda mpaka 4 au 5. Kwenye itogolo usifukie kwa kina punje ya aina yoyote.

Na liko la saba, ambalo nalipeleka kwenye mkutano mkuu wa ushirika. Pamba tumezoea kuletewa mbegu, na mbegu za pamba zenye herufi UK zimepata jina hilo Ukiriguru, kituo cha utafiti tunachokifahamu kule Misungwi. Lakini choroko, kunde na soya, mara nyingi mbegu ni ile aliyoibakiza mkulima mwenyewe. Basi tusiiache ihifadhiwe na njaa. Napendekeza tuwe na ghala la mbegu: kila mwanachama alete kiasi chake cha mbegu iliyochaguliwa, iandikwe kwenye daftari jina, aina, kilo na tarehe, mlango uwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, mmoja wao awe mwanamke. Atakayekopa kilo 10 arudishe baada ya kuvuna kilo 12 zilizojaa, si za chini ya chekeche. Tena sheria inaruhusu wakulima waliofundishwa na kusajiliwa kuzalisha mbegu za kuazimiwa ubora kwa ajili ya eneo lao, chini ya usimamizi wa TOSCI, yaani taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu. Bwana shamba aitwe mkutanoni atueleze hatua zake. Tukifika huko, mnyonge hatakuwa akiomba nusu debe kwa shemeji yake.

Najua wapo watakaosoma hapa, watikise kichwa, waende zao. Wapo watakaosema Katibu ametafuta la kusema. Sawa. Lakini siku ya kuchekecha, chekeche likiwa mkononi mwako, utakumbuka. Jiulize swali moja tu: hizi ninazozitia kwenye mfuko wa mbegu, ningekubali kuzipokea kama ningekuwa mimi ndiye ninayeomba?

Mimi nimekwisha kumpelekea shemeji mbegu nyingine. Safari hii ni zile za juu ya chekeche, kilo 12 za nusu eka yake, nimezijaribu kwenye karai mbele ya macho yake. Alizichota kwa kiganja, akazitazama, akaniambia, "Kumbe unazo." Nimelistahili neno hilo.

Ushirika ni kupeana kilicho chema. Kupeana mabaki ni kudanganyana.

Ushirika hoyee! Mbegu safi hoyee!

Ni mimi,
Katibu wa Chama, Shishiyu